Kwa Pauline wa Nyumba ya Mirumbe

Pauline, mjukuu wangu, unajua kwamba mwaka umeshazunguka tangu Jumatano ile ya Aprili ulipotuachia mkono katika wodi ya watoto kule Homa Bay? Sisi hatukuuona ukipita. Tumepanda, tumepalilia, tumevuna, sasa tunapanda tena, na mikono inafanya kazi kama mikono ya watu wengine. Nimechoka, sikufichi. Lakini nilisoma kwa masista hadi darasa la nne, kalamu naweza kuishika, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kukuandikia. Basi naandika mimi, na wasomaji wa jarida la parokia watusikie tukizungumza.

Wapo wasiokujua. Ulizaliwa mwaka wa 1957, mwendo wa nusu saa kutoka Ntimaru, mtoto wa pili wa mama yako Nchagwa. Dada yako Leonida alikutangulia kwa miaka miwili. Mdogo wako James akaja miaka minne baada yako. Ulikuwa mwembamba, masikio yamesimama kidogo, na ulikuwa na tabia ya kuuliza jambo huku umeshaanza kuondoka, hata mtu akujibu kwa kupaza sauti.

Ukoko wa ugali ulikuwa wako. Hakuna aliyeugusa. Ulikuwa unaukwangua kwa kijiko kile kilichopinda, unausambaza juu ya mfuniko upoe, halafu unaula polepole nyuma ya nyumba. James akija kuomba unamwambia, "Hiki ni chakula cha watu wenye meno." Naye alikuwa ameng'oka meno ya mbele wakati huo. Alikuwa analia, na wewe ulikuwa unacheka, halafu unamkatia kipande kikubwa kuliko chako.

Uliwapenda kuku, lakini kwa ukali. Kila kuku ulimpa jina la mwalimu wa shule yako. Siku moja mwalimu Gichana alipita kununua mayai kwangu akakusikia ukifoka, "Gichana, toka jikoni, huna adabu!" Alisimama pale mlangoni na kofia yake mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulimwamkia kwa magoti, kimya, kisha ukamfukuza yule kuku kwa jina la mwalimu mwingine.

Kazi hukuikataa. Maji ulichota, moto uliwasha, shamba ulikuja nami hata nilipokuambia upumzike. Ndiyo maana sikuuona ugonjwa mapema. Ulipoanza kukaa chini katikati ya mstari wa mahindi, Agosti ya 1967, nilidhani umejifunza uvivu shuleni. Nilikusema. Nisamehe kwa hilo, ingawa si hilo ninalotaka hasa kukuomba msamaha.

Kisha zikaja zile alama za zambarau miguuni, kama mtu amekupiga, na hakuna aliyekupiga. Fizi zikatoka damu ukipiga mswaki. Viganja vyako vikawa vyeupe mpaka ukawa unaniwekea juu ya mkono wangu na kusema, "Nyanya, tazama, nimekuwa Mzungu kuanzia huku." Dispensari ikatupa vidonge vya kuongeza damu. Havikuongeza. Oktoba tukapanda basi hadi Migori, tukalala kwa dada mmoja wa kanisa anayeuza nafaka, na asubuhi tukachukua basi la pili kwenda Homa Bay, katika hospitali ya misheni. Tulikuwa watatu, wewe, mimi na mama yako akiwa amebeba kikapu.

Daktari wa pale ni Mholanzi, mrefu, na Kiswahili chake ni cha kitabuni kuliko changu. Alikuchoma sindano nene katika mfupa wa nyonga, akavuta uboho kidogo, akautazama kwa hadubini siku mbili. Hukulia. Ulimuuliza kama ni ule ule tunaounyonya kwenye mfupa wa mbuzi. Akasema ni ule ule. Ukamwambia, "Basi usiumalize."

Alituita akatueleza. Alisema damu yote ya mtu inapikwa ndani ya mifupa, na kwako moto wa jiko hilo umezimika, hakuna ajuaye kwa nini. Akiba inaisha na hakuna mpya inayopikwa. Atakuongezea damu ya watu, lakini hiyo ni kama kuletewa chakula na jirani, haiwezi kuwa ya kila siku maisha yote.

Tukaanza maisha ya damu za watu. Ya kwanza alikupa askari polisi wa pale mjini. Jioni ulikaa kitandani mashavu yamerudi rangi, ukawatangazia watoto wa wodi, "Leo nina damu ya polisi. Atakayenichezea namfunga." Ya pili ilitoka kwa Mjaluo mmoja muuza samaki, na siku hiyo ulikataa maharagwe. "Damu yangu imeniambia inataka ngege," ukasema, na yule mtu alipopata habari alileta ngege wawili wamekaangwa, akakaa pale mpaka ukawala, anacheka huku machozi yanamtoka. Ya tatu ilikuwa ya sista mmoja, nawe ukasali rozari nzima bila kusinzia. Wodi yote ilikuwa inangoja kujua wiki hii utakuwa nani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Daktari alikuwa na uchunguzi wake. Alikuwa anatafuta watoto wa pande zetu wenye magonjwa ya damu, kuanzia Lambwe hadi mpakani, na kila mtoto alimwandikia karatasi ndefu ya familia yake. Alisema huko ng'ambo kuna madaktari wanaojaribu kuwasha tena lile jiko kwa uboho wa ndugu. "Sitaki kukudanganya, mama," aliniambia. "Wengi wamejaribiwa, na karibu wote wamekufa. Hapa Homa Bay hatuwezi. Lakini nina rafiki ambaye amekubali kumpokea mtoto mmoja kutoka kwetu, kama tukimpata ndugu ambaye damu yake inaelekeana na ya mgonjwa kabisa."

Nilimuuliza ndugu huyo anapatikanaje.

"Awe wa mama mmoja na baba mmoja. Kwa hao, katika kila wanne huenda mmoja akaelekeana. Wa mama mmoja na baba mbalimbali, karibu haiwezekani."

Akatueleza pia kwamba chupa za damu lazima zifike maabara zikiwa mbichi, zinapelekwa Kisumu katika sanduku la barafu na kutoka hapo kwa ndege, na dawa ya kupimia ni haba mno. Kwa kila mgonjwa atapima ndugu mmoja kwanza. Majibu yanachukua wiki nyingi. "Kwa hiyo tuchague vizuri," alisema.

Wasomaji wasio Wakuria, niwaeleze kidogo kuhusu nyumba yangu. Mume wangu Mniko alifariki mwaka wa 1943. Alikuwa ameniachia mabinti wawili na hakuna mtoto wa kiume. Kwetu nyumba ya namna hiyo haiachwi ifungwe. Binti yangu alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake niliwatumia kumwoa Nchagwa, awe mke wa mwanangu ambaye sikumzaa. Mwanangu huyo nilimpa jina, Mirumbe, jina la babu yake, baba wa Mniko. Watoto wote waliozaliwa na Nchagwa ni watoto wa Mirumbe, na kwa hiyo ni wajukuu wangu, kamili, mbele ya ng'ombe na mbele ya watu. Mwanamume anayekuja usiku haulizwi jina, wala hana neno. Kila mtu hapa anaielewa desturi hii. Padri anaijua, nami najua kwamba anaijua, na tumekaa hivyo.

Basi Daktari akatoa kalamu. "Baba wa Pauline ni nani?"

"Mirumbe."

"Mirumbe nani?"

"Mirumbe Mniko."

"Yuko wapi? Ningependa kupata damu yake pia."

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Hapana, hakufariki."

"Amesafiri? Yuko jeshini? Yuko Nairobi?"

"Daktari, hajaenda popote. Hayupo tu."

Akanitazama, akaandika. Nikamwomba anionyeshe. Pauline, sikuwahi kukuambia haya. Niliona pale, kwa wino wa buluu, Baba: Mirumbe Mniko, hajulikani alipo. Miaka mingi nilikuwa nimelitamka jina lile hewani, na ndiyo mara ya kwanza nililiona limeandikwa, tena na mkono wa daktari, katika karatasi yenye muhuri. Moyo wangu ulijaa. Nilimwona mwanangu kama ameingia mlangoni.

"Na watoto wote watatu ni wa Mirumbe?"

"Wote watatu."

Haikuwa uongo kwa Kikuria. Lakini Daktari hakuuliza kwa Kikuria, nami nilijua anauliza nini. Nilijua kwamba wewe na Leonida mlikuja na mtu mmoja, mchimbaji ambaye baadaye alihamia machimbo ya dhahabu ya Osiri. Nilijua kwamba James alikuja na mwingine, baada ya yule kuhama. Nilijua vizuri kama ninavyojua idadi ya vidole vyangu.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Daktari aliuliza yule ni nani, nikasema ni mke wa mwanangu, naye akampungia mkono.

Alipouliza tumlete nani kwanza, nikasema James. Nilisema ni mwanamume, hajawahi kuugua hata surua, damu yake ina nguvu. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Leonida ana uso wa yule mtu wa Osiri, paji na kidevu, kila mtu anayemjua yule anaona. Niliogopa kumsimamisha mbele ya madaktari. Niliogopa atokee mwenyeji wa kwetu aseme neno, na neno liingie katika karatasi. Ng'ombe walishasema kwamba watoto ni wangu, lakini sikujua karatasi itasema nini. Nilisikia kuna sheria za serikali za kumtafuta baba. Nikawaza, jina la yule likiandikwa hapa na muhuri ukagongwa, siku moja atakuja na karatasi aseme nipeni watoto wangu. Basi nikamwacha Leonida nyumbani na kuku.

Kulikuwa na muuguzi pale, Marcella, Mkisii. Siku ile ya kutoa damu ya James alinifuata mahali pa kufulia, akajifanya anakamua shuka.

"Magokoro," aliniita, maana kwao ndivyo wanavyomwita nyanya, "hawa watoto, huyu kijana na Pauline, ni wa baba mmoja kweli?"

"Daktari ameshaandika."

"Najua ameandika. Mimi nauliza wewe. Hata kwetu Kisii nyumba kama yako zipo. Shangazi yangu mwenyewe alioa. Sitaandika kitu, nitamwambia tu Daktari achukue yule mwingine."

"Binti," nikamwambia, "kwa hiyo mmechoka kupima damu, mmeanza kupima nyumba za watu?"

 Akakamua shuka mpaka likakauka. Kisha akasema, "Haya, magokoro. Mimi sikuja kukuvunjia heshima," akaenda.

Hapo ndipo nilipokosea, Pauline. Mbele ya Daktari nilishangaa, nikajaa furaha ya jina. Pale pa kufulia nilikuwa na akili zangu zote, mtu amenifungulia mlango na kunishikia, nami nikaurudishia kwa dharau.

Damu yako na ya James ikaenda mwezi wa Novemba. Tukangoja. Krismasi tuliifanya wodini. Mama yako alikuwa anakwenda nyumbani na kurudi, mimi nilikaa. Nililala chini ya kitanda chako wiki baada ya wiki, na miguu yangu ikavimba hata viatu vikakataa.

Wakati ule ulipenda nikusimulie habari za Mirumbe. Ulianza zamani, tangu ukiwa mdogo sana. Alikuwa mrefu? Alikuwa mrefu. Alijua kupiga mluzi? Sana, hata ng'ombe walimjua kwa mluzi. Siku moja ukaniuliza kama angekuwepo angekupa damu yake.

"Angekupa yote," nikasema.

Ukavuta blanketi. "Nyanya, mimi najua hakuzaliwa. Leonida aliniambia nikiwa darasa la kwanza. Lakini napenda ukimsimulia, kwa sababu unakuwa na furaha."

 Ukanishika kidole. Ukasema, "Endelea basi. Alivaa viatu?"

Majibu yalikuja mwishoni mwa Januari. Daktari aliniita chumbani kwake, akafunga mlango mwenyewe. Alizungumza taratibu. Alisema ya James haielekeani, lakini si hilo tu. Alivyozitazama damu hizi mbili, mama ni mmoja, ndiyo. "Baba mmoja, sidhani," alisema. "Sikulaumu, mama. Lakini nahitaji kujua kama kuna mwingine."

Nilikaa.  Nikasema, "Kuna Leonida."

"Huyo ni wa baba mmoja na Pauline?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hata wakati huo sikuweza kulitoa kwa mdomo.

Leonida alikuja kwa basi la kwanza, lakini mvua za Februari zilikata barabara, sanduku la kwanza likaharibika kwa joto kabla ya kufika Kisumu, la pili likaondoka katikati ya Machi. Wewe ulikuwa umeshaanza homa. Damu za watu hazikukaa tena, zilikuwa zinapita tu. Hukutangaza tena umekuwa nani. Jumatano ile, saa nne asubuhi, uliomba maji, ukanywa, ukauliza kama Leonida amewafungia kuku. Nikakujibu kwamba amewafungia. Hukuuliza tena. Leonida alikuwa pale pale upande wa miguu yako, ameshika kitanda.

Majibu yake yalifika siku tisa baada ya mazishi. Daktari hakutuma barua. Alikuja mwenyewe na gari lake hadi Ntimaru, akaliacha barabarani, akatembea hadi nyumbani. Alikuwa na bahasha na hakuitoa. Nilimwambia, "Sema, Daktari. Nimechoka na mambo yasiyosemwa."

"Inaelekeana," akasema. "Kila mahali nilipotazama."

Halafu akaongeza haraka kwamba hata hivyo hakuna ajuaye. Safari ni ndefu, wengine wote walikufa, huenda ungekufa ugenini badala ya kufa na sisi. Ni kweli. Aliyarudia hayo mara tatu na mimi namshukuru. Lakini wewe ulikuwa mtu wa kuuliza maswali, nami najua ungeuliza, Nyanya, Novemba mpaka Machi ni miezi mingapi?

Mwezi wa pili mwaka huu alituita Migori, familia za watoto wote aliowaandika. Alisema huko ng'ambo, mwaka jana, mtoto mmoja wa kiume amepewa uboho wa dada yake na anaishi. Ugonjwa wake si kama wako, lakini ni wa damu pia. Watu walipiga makofi. Kisha akasema karatasi zetu zote zitafanyiwa kazi pamoja, apate kujua katika nyumba za huku ni ndugu wangapi huelekeana, ili mtoto mwingine akija asipoteze muda.

Niliposikia hivyo nilishindwa kukaa. Karatasi yako ilikuwa ndani na bado ina Mirumbe. Nilingoja watu watoke, nikamwambia kwamba karatasi ya Pauline ina kosa na inaweza kuharibu zile nyingine. Nikampa jina la mtu wa Osiri, na jina la yule wa James, pamoja na ukoo na mahali. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya jina la mwanangu. Aliuliza kama ninataka kutazama. Nikatazama. Bado linasomeka chini ya mstari.

Majina hayo mawili siyaandiki hapa, maana wenyewe wana nyumba zao. Lakini akina nyanya wenzangu mnaosoma au mnaosomewa haya, Wakuria, Wakisii na wengine wenye desturi zao, mtu wa hospitali akiuliza damu ya mtoto imetoka wapi, mjibuni kuhusu damu. Nyumba yako haitaondoka. Mimi nimeuliza kwa wakili kule Homa Bay: karatasi ile ya uchunguzi isingemnyang'anya mtu mtoto. Nilikuwa naogopa kitu kisichokuwepo.

Pauline, hatutalinyamazia jina lako. Tunaolitaja ni mimi nyanya yako Nyangi. Shangazi zako wawili na watoto wao. Mwalimu Gichana, anayesema hakukasirika siku ile. Marcella wa wodi ya watoto, ambaye nilimwomba radhi naye akanikatiza kwa kunimiminia chai. Mjaluo wa samaki, aliyekuja siku ya misa ya mwaka na mke wake. James, ambaye sasa ana meno yote, na ambaye amekuwa akiuliza kama damu yake ndiyo iliyokuua, mpaka nikakaa naye siku nzima nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, damu yake haina kosa lolote. Leonida, ambaye haongei sana siku hizi. Na yule aliyesimama nje ya ua siku ya mazishi, akiwa na kofia ya wachimbaji mkononi, ambaye sikumkaribisha. Mwaka huu nimetuma mtu akamwambie aingie.

Mama yako nimemweka mwisho kwa sababu yeye hakunipa neno la kuandika. Niliporudi kutoka Migori nilimwambia kwamba nimeyataja majina. Akaitikia, akaenda kukama. Tangu siku hiyo hakulitaja jambo hilo tena. Jana nikamfuata jikoni na karatasi hii, nikamsomea yote tangu mwanzo, nikamuuliza, "Nchagwa, na wewe nikuandikie nini?"

Aliendelea kukata mboga. Alikata zote, akazitia chunguni, akafunika. Kisha akakaa chini, akanitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipomleta nyumbani akiwa msichana.

"Mama," akasema, "miezi yote ile nilikaa pale nje mlangoni. Mimi nilitaka mniulize."